Pikapu Itetemekayo Barabarani: Jinsi ya Kutafuta Chanzo Chake

Katika sehemu za Kinangop, palimwapo viazi na kabichi, pikapu ni mkono wa kuume wa mkulima. Alfajiri hupakiwa magunia, hupita njia ya udongo polepole, huingia lami huko Njabini, kisha hushika barabara kuu iendayo Nairobi ili mazao yafike sokoni mapema. Jioni hurudi nyumbani tupu. Gari likiharibika, mazao hulala shambani, na mnunuzi hatamngojea mtu.

Uchukuliwe mfano wa mkulima mmoja wa huko. Pikapu yake ilikuwa imetumiwa na watu wengine kabla yake, na ili ipate kuchukua magunia zaidi, aliongezewa bamba moja la springi kila upande wa nyuma. Baada ya wiki chache akaona ya kwamba kila alipokuwa akirejea nyumbani, mshale wa mwendo ulipofika kilomita 80 kwa saa, gari lilianza kuvuma na kutetemeka chini ya kiti. Akamwuliza rafiki yake, naye akamwambia, "Hiyo ni mipira." Akanunua mipira miwili mipya. Gari likatetemeka kama kwanza. Mwingine akamwambia, "Hizo ni shokomzoba." Akanunua shokomzoba mbili. Gari likatetemeka kama kwanza. Fedha alizokuwa ameziweka kwa mbolea zikaisha, na ugonjwa wa gari haujaguswa.

Makosa ya mkulima huyo hayakuwa ujinga wa ufundi, maana hata mafundi hukosea hivyo. Kosa lake lilikuwa kununua kabla ya kuuliza. Gari litetemekalo hutoa dalili zake waziwazi: hutetemeka kwa mwendo fulani, mahali fulani, na kwa namna fulani. Mwenye kuzitazama dalili hizo kwa utaratibu aweza kujua, pasipo kutoa hata senti moja, ni sehemu gani ya gari yenye ila. Somo hili laeleza utaratibu huo.

KWA NINI MTETEMEKO HUJA KWA MWENDO MKUBWA

Kila kitu kizungukacho katika gari hupaswa kuwa na uzito ulio sawa pande zote, kiwe duara kamili, na kizunguke juu ya kitovu chake hasa. Kikikosa moja katika mambo hayo matatu, kila mzunguko hutoa pigo. Mwendo ukiwa mdogo, mapigo ni mepesi, na mipira pamoja na springi huyameza. Mwendo ukizidi, mapigo huwa mengi, tena huwa mazito.

Jambo lisilojulikana na wengi ni kwamba nguvu ya mapigo hayo haiongezeki sawasawa na mwendo. Mwendo ukizidishwa mara mbili, nguvu huzidi mara nne. Na ifikiriwe pikapu ambayo magurudumu yake yana kimo cha sentimita 70, na katika rimu moja ya inchi 16 umeganda udongo mkavu wa gramu 50, uzito upatao yai moja la kuku. Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, udongo huo hulivuta gurudumu kwa nguvu ilinganayo na uzito wa kilo moja. Kwa mwendo wa kilomita 80, nguvu hiyo ni kilo nne. Kwa kilomita 100 hupita kilo sita. Na mvuto huo hausimami mahali pamoja, bali huzunguka pamoja na gurudumu, juu na chini, mbele na nyuma, mara kumi na zaidi katika kila sekunde. Hayo ni matendo ya udongo wa uzito wa yai.

Tena pana jambo la pili. Gurudumu na ekseli yake, vikiwa kati ya springi na mpira, vina mtikisiko wao wa asili, kama vile bembea ilivyo na mwendo wake. Mtoto aliye katika bembea, akisukumwa kwa wakati wake hasa, hupanda juu sana hata kwa msukumo mdogo. Mtikisiko wa asili wa gurudumu huwa kama mara 10 hadi 15 kwa sekunde, na mapigo ya gurudumu lenye kimo kilichotajwa huifikia hesabu hiyo kati ya kilomita 80 na 120 kwa saa. Ndiyo sababu gari laweza kutulia kwa kilomita 60, likatetemeka sana kwa 90, kisha likapungua kidogo mwendo ukizidi. Kupungua huko si kupona. Dereva akazaye mwendo ili auvuke mtetemeko hauponyi ugonjwa. Hujiongezea hatari tu.

PANAPOPASA KUSIMAMA MARA MOJA

Mitetemeko mingi huja polepole, na dereva aweza kufika nyumbani kwa mwendo mdogo na kuitafuta kwa utulivu. Lakini iko mingine isiyongoja. Dereva na asimame mara moja aonapo moja katika dalili hizi:

1. Mtetemeko unaoanza ghafula, hasa muda mfupi baada ya gurudumu kufunguliwa na kufungwa tena. Huenda nati zimelegea, na gurudumu lililolegea hung'oka.

2. Pigo zito la "tapu, tapu, tapu" linaloongezeka kila kilomita. Huenda mpira umevimba, au kanda yake ya juu yaanza kubanduka. Mpira wa namna hiyo hupasuka bila kuonya mara ya pili.

3. Mtetemeko pamoja na harufu ya kuungua, au gari kuvutwa upande mmoja. Huenda breki imeshika, au beringi ya gurudumu inaungua.

4. Mlio wa chuma kugonga chini ya gari, hasa gari linapoondoka au gia zinapobadilishwa. Huenda ungo la propela limekwisha. Propela ikikatika upande wa mbele, ncha yake huanguka na kukwama barabarani.

Katika kusimama, mguu uondolewe taratibu katika mafuta, usukani ushikwe imara kwa mikono miwili, na breki isikanyagwe kwa kishindo. Gari litolewe nje kabisa ya lami, taa za tahadhari ziwashwe, na pembetatu za kuonya ziwekwe nyuma. Watu wote washuke kwa upande ulio mbali na magari yapitayo.

MASWALI MATANO YA KULIULIZA GARI

Ikiwa hakuna dalili ya hatari, na dereva achukue kalamu na karatasi, aandike majibu ya maswali matano. Yafaa amchukue mtu wa pili wa kutazama na kuandika, ili macho yake mwenyewe yasiondoke barabarani.

Swali la kwanza: Je, ni gari au ni barabara? Sehemu nyingine za lami zina mikunjo isiyoonekana vyema kwa macho. Mtetemeko ukitokea mahali pale pale tu, na usitokee kwingine, barabara ndiyo yenye ila.

Swali la pili: Huanza kwa mwendo gani, na huisha kwa mwendo gani? Mtetemeko uanzao kati ya kilomita 70 na 100 kwa saa mara nyingi hutoka katika magurudumu. Ule uliopo hata kwa kilomita 20, gari likipanda na kushuka, aghalabu ni mpira usio duara au rimu iliyopinda.

Swali la tatu: Husikika wapi? Ukitetemeka usukani mikononi, magurudumu ya mbele yatazamwe kwanza. Kikitetemeka kiti, na sakafu, na sanduku la mizigo, hali usukani umetulia, ila iko nyuma au katika propela.

Swali la nne: Hubadilika dereva afanyapo nini? Ukizidi wakati mafuta yanapokanyagwa na kupungua mguu unapoondolewa, propela na maungo yake yashukiwe. Ukija breki zinapokanyagwa tu, breki ndizo za kutazamwa. Ukizidi gari linapokata kona ya upande mmoja, beringi ya gurudumu hushukiwa.

Swali la tano: Ni wakati gari lina mzigo, au wakati ni tupu? Swali hili husahauliwa mara nyingi, nalo lina maana kubwa kwa pikapu kuliko kwa motokaa ndogo, kama itakavyoonekana mbele.

KUPAMBANUA GURUDUMU, PROPELA NA INJINI

Hesabu kidogo yaweza kuokoa fedha nyingi. Gurudumu lenye kimo cha sentimita 70 huzunguka kama mara 10 kwa sekunde gari likienda kilomita 80 kwa saa. Propela huzunguka kwa kasi zaidi, kwa kuwa difu hupunguza mwendo kabla ya kuufikisha magurudumuni. Katika pikapu nyingi propela huzunguka kama mara nne kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu. Basi kwa mwendo ule ule propela huzunguka kama mara 40 kwa sekunde.

Tofauti hiyo mwili wa mwanadamu waweza kuihisi. Mapigo 10 kwa sekunde ni mtikiso wa kuonekana: usukani hucheza, maji katika chupa hurukaruka. Mapigo 40 kwa sekunde ni kama mvumo wa nyuki: husikika masikioni, na huwasha nyayo na makalio, lakini mkono hauonekani kutikisika. Dereva asemaye "gari lanitikisa" na yule asemaye "gari lanivumia" huenda wasiwe na ugonjwa mmoja.

Injini nayo hupambanuliwa kwa njia nyepesi. Katika barabara iliyonyoka isiyo na magari mengi, dereva na aende kilomita 80 kwa saa katika gia ya tano, kisha aingize gia ya nne akiwa na mwendo ule ule. Magurudumu na propela havikubadili mwendo, lakini injini sasa yazunguka kwa kasi zaidi. Mtetemeko ukibaki vile vile, injini haina hatia. Ukibadilika pamoja na mlio wa injini, basi injini itazamwe, pamoja na klachi na mipira inayoishikilia. Jambo hili laweza kuthibitishwa gari likiwa limesimama: gia itolewe, breki ya mkono ivutwe, na injini iongezwe kasi polepole. Mtetemeko wa magurudumu na propela hauwezi kuja gari likiwa limesimama. Haifai kabisa kuzima injini gari likiwa katika mwendo ili kulijaribu, kwa maana usukani waweza kujifunga na breki hupungukiwa na nguvu.

UKAGUZI USIOGHARIMU KITU

Gari lisimame mahali tambarare, magurudumu yazuiwe kwa mawe au magogo. Mtu asiingie kamwe chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Viegemeo imara vya chuma viwekwe kwanza. Kisha mambo haya yafuatwe kwa zamu:

Kwanza, matope. Gari linalopita njia za udongo hukusanya matope upande wa ndani wa rimu, mahali yasipoonekana na mtu aliyesimama nje. Likilala usiku kucha, matope hushuka upande wa chini na kuganda. Kesho yake gurudumu lina upande mzito. Rimu zote na zioshwe ndani na nje. Propela pia itazamwe, kwa kuwa matope, kamba ya katani au kipande cha waya vyaweza kuizunguka. Magari mengi yaliyopelekwa kwa fundi yangeponywa kwa debe la maji.

Pili, nati. Zikazwe zote kwa spana ifaayo, kwa kuvuka kutoka nati moja hadi ile iliyo mkabala wake, wala si kwa kufuata duara. Tundu la rimu lililopanuka, au michirizi ya kutu itokayo chini ya nati, ni alama ya kwamba gurudumu lilikuwa likicheza. Rimu hiyo isitumiwe tena. Na kila gurudumu lililofunguliwa lapaswa kukazwa mara ya pili baada ya mwendo wa kilomita 50 hadi 100.

Tatu, upepo. Upimwe mipira ikiwa baridi, na ulingane na kibandiko kilicho penye mlango wa dereva. Katika pikapu nyingi kibandiko huonyesha hesabu mbili, moja ya gari tupu na moja ya gari lenye mzigo.

Nne, mipira yenyewe. Kiganja kipitishwe polepole juu ya kanda, lakini macho yatangulie kutafuta nyaya zilizochomoza, ili mkono usikatwe. Uvimbe, mpasuko wa ubavuni, au mahali palipolika kwa mabonde mabonde, vyote huleta mtetemeko. Tarakimu nne za mwisho katika alama ya tarehe ubavuni huonyesha umri wa mpira: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira waweza kuwa na meno mazuri na huku mwili wake umezeeka.

Tano, duara. Gurudumu liinuliwe, na kijiti kisimamishwe karibu nalo pasipo kuligusa, kisha lizungushwe kwa mkono. Nafasi kati ya kijiti na mpira ikipanuka na kupungua, mpira si duara au haukukaa vyema katika rimu. Kijiti kikielekezwa kwenye ukingo wa rimu, kitaonyesha kama rimu yenyewe imepinda kwa mashimo.

Sita, beringi na maungo ya usukani. Gurudumu likiwa juu bado, lishikwe juu na chini na kutikiswa. Kisha lishikwe kushoto na kulia na kutikiswa tena. Likicheza juu na chini, beringi au maungo ya chini yamelegea. Likicheza kushoto na kulia tu, vyuma vya usukani ndivyo vilivyolika.

KUHAMISHA MAGURUDUMU

Ikiwa ukaguzi haukuonyesha kitu, na bado magurudumu yanashukiwa, magurudumu ya mbele yahamishiwe nyuma, na ya nyuma yaletwe mbele, maadamu yote ni ya kipimo kimoja. Kisha gari lijaribiwe katika barabara ile ile, kwa mwendo ule ule. Mtetemeko uliokuwa katika usukani ukihamia kwenye kiti, imekwisha julikana: ila ilisafiri pamoja na gurudumu. Usipohama, gurudumu halina hatia, na mwenye gari ameokoa bei ya mipira. Mkulima wa mfano huu angefanya hivyo siku ya kwanza, asingalinunua mipira.

Magurudumu yakionekana kuwa na hatia, hupelekwa kwa fundi wa mipira mwenye mashine ya kusawazisha uzito, kazi iitwayo balansi. Fundi hulizungusha gurudumu, na mashine humwonyesha mahali pa kutia kipande kidogo cha risasi. Ni lazima rimu isafishwe kwanza, la sivyo atayasawazisha matope. Na kutu iliyopo kati ya rimu na kitovu cha ekseli iondolewe kwa brashi ya waya, ili gurudumu likae katikati hasa.

Watu wengi huchanganya balansi na alaimenti. Alaimenti ni kunyosha mwelekeo wa magurudumu ili yafuatane. Alaimenti mbovu hula mipira na kulivuta gari upande, lakini haiwezi yenyewe kuleta mtetemeko mpaka iwe imekwisha kuilisha mipira vibaya. Alipaye alaimenti kwa ugonjwa wa balansi atarudi nyumbani na mtetemeko wake. Vile vile, balansi haiwezi kuifanya duara rimu iliyopinda.

PROPELA NA MAUNGO YAKE

Propela ni bomba la chuma lipelekalo nguvu kutoka giaboksi hadi difu. Ekseli ya nyuma hupanda na kushuka njiani, kwa hiyo propela hutiwa maungo yenye krosi ili iweze kujipinda. Pikapu ndefu aghalabu huwa na propela ya vipande viwili, na katikati yake beringi iliyozungushiwa mpira, ambayo mafundi huiita senta beringi.

Kuitazama si kazi ngumu. Injini ikiwa imezimwa na kupoa, magurudumu yamezuiwa barabara, propela ishikwe kwa mikono miwili kila upande wa krosi na kupindwa. Mchezo wowote ni alama ya kulika. Vumbi jekundu kama kutu kuzunguka vikombe vya krosi laonyesha kwamba grisi imekwisha. Senta beringi isukumwe juu na chini. Mpira wake ukiwa umepasuka, propela hurukaruka. Tena patafutwe mahali pang'aapo katika bomba, palipodondoka kibamba cha uzito kilichochomelewa kiwandani.

Krosi ina tabia moja ya ajabu. Ikizunguka ikiwa imepinda, upande wa pili hauzungukiki kwa mwendo mmoja, bali huharakisha mara mbili na kupunguza mara mbili katika kila mzunguko. Upinde ukiwa mdogo jambo hilo halisikiki. Ukizidi, husikika sana. Watengenezaji wa magari huliponya kwa kuziweka krosi mbili zilingane, ili kila iharakishapo moja, nyingine ipunguze, na mwendo uufikiao difu uwe mmoja. Lakini dawa hiyo ina masharti mawili: uma wa mbele na uma wa nyuma wa propela vielekee upande mmoja, na pembe za krosi zote mbili zilingane.

Sharti la kwanza huvunjwa na fundi asiyetia alama. Propela ikifunguliwa, kisha ikarudishwa ikiwa imepishana jino moja au mawili, gari lililoingia gereji likiwa zima hutoka likivuma. Basi kabla ya nati moja kuguswa, mistari ya rangi ichorwe katika kila kiungo, ili vyote virudi vilivyokuwa.

Sharti la pili huvunjwa na springi. Mabamba yakilegea na kushuka, au yakiongezwa na kuipandisha nyuma, ekseli huinama au huinuka, na pembe hazilingani tena. Hapo ndipo swali la tano lionyeshapo faida yake. Gari litetemekalo likiwa na mzigo tu, huenda springi zake zimechoka. Gari litetemekalo likiwa tupu tu, huenda limepandishwa kupita kiasi.

MTETEMEKO WA BREKI

Pikapu ikitetemeka breki zinapokanyagwa tu, propela na mipira visiguswe kwanza. Katika breki za mbele, diski iliyolika isivyo sawa husukuma viatu vya breki kila mzunguko, na usukani hucheza. Katika breki za nyuma, ngoma isiyo duara tena hukipa kiti mtikiso, na huenda ukanyagio ukadunda chini ya mguu. Breki iliyoshika hujulikana kwa joto: baada ya safari fupi, mkono ukaribishwe kwenye rimu pasipo kuigusa. Moja ikiwa moto kuliko mwenzake, hapo pana kazi.

Katika teremko refu, kama lile la kushukia Bonde la Ufa, gia ndogo ishike gari, na breki zipumzike. Diski na ngoma nyingi zimeharibiwa na miguu iliyokaa juu ya ukanyagio kutoka kileleni hadi chini.

FEDHA ZA MKULIMA

Mkulima wa Kinangop alipokwisha kununua mipira na shokomzoba, alimpelekea gari fundi wa tatu. Fundi huyu hakufungua spana. Alimwuliza kwanza, "Je, asubuhi ukienda sokoni na magunia, gari hutetemeka?" Mkulima akafikiri, akajibu, "La. Asubuhi hutulia kabisa." Akaulizwa tena, "Lakutikisa au lakuvumia?" Akajibu, "Lanivumia, hata masikio huchoka." Akaulizwa mara ya tatu, "Lilianza lini?" Ndipo alipokumbuka: lilianza baada ya mabamba kuongezwa.

Majibu matatu yalitosha. Gari likiwa na viazi, springi zilishuka na krosi zikalingana. Likiwa tupu, mabamba mapya yaliipandisha nyuma, pembe zikapishana, na propela ikavuma njia nzima ya kurudi. Mabamba yaliyoongezwa yakatolewa. Krosi ya nyuma, ambayo vikombe vyake vilikuwa vimeanza kutoa vumbi jekundu, ikabadilishwa. Na mkulima akaambiwa ya kwamba akitaka kupandisha springi tena, pembe za propela zipimwe, na kabari za chuma zitiwe kati ya springi na ekseli ili zisawazishwe. Tena mzigo usipite uzito ulioandikwa na watengenezaji, maana springi ngumu haiongezi nguvu ya breki wala ya ekseli.

Gharama ya kazi hiyo ilikuwa ndogo kuliko bei ya mpira mmoja kati ya ile miwili aliyoinunua. Na faida haikuwa fedha tu. Krosi ile, kama ingeachwa mpaka ikatike, ingekatika siku moja katika barabara kuu, kati ya malori na mabasi, na huenda jirani zake wangekuwa wameketi nyuma.

Kwa hiyo kila mwenye pikapu na ayakumbuke haya kwa mpango wake: kwanza ajue kama ni mtetemeko wa kusimama mara moja, pili ayaandike majibu ya maswali matano, tatu aoshe, akaze, apime na atazame, nne ahamishe magurudumu, na tano, akienda kwa fundi, aende na karatasi yake mkononi. Fundi mwema huifurahia karatasi hiyo, kwa kuwa humpunguzia kazi. Na fundi asiyetaka kuisoma, akataka kuuza kitu kabla ya kuuliza neno, si wa kukabidhiwa gari wala fedha. Mwanzo wa kutengeneza ni kuuliza.